Mkojo Uliotoka Nyarero

Gari jeupe liliingia uani kwa marehemu mzee Wangwe, kule Nyarero, ng'ombe wakiwa bado zizini. Agustina ndiye aliyekuwa akifagia. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya mdogo wake Rhobi, ya kijani, iliyochanika goti, ambayo aliachiwa kama alivyoachiwa nguo nyingine nyingi. Walipishana mwaka mmoja na kidogo, na tangu utotoni wageni waliwachanganya: sura ile ile, kimo kile kile, hata ile tabia ya kusimama na mguu mmoja mbele. Kilichowatenganisha ni maisha. Rhobi alikimbia mbio ndefu. Alikwishakimbia Ulaya na Uarabuni, na nyumba ya bati aliyolala mama yao ilitokana na miguu yake. Agustina aliolewa na Jackson, mchimba dhahabu wa Nyakunguru, na wakati huo alikuwa amerudi kwa mama yake kujiuguza, maana mimba ya pili ilimwachia presha ambayo haikuondoka mtoto alipozaliwa.

Wakashuka watu wawili. Mwanamume alibaki karibu na gari. Mwanamke, mwenye miwani na begi la kuburuta, alikuja moja kwa moja hadi aliposimama Agustina.

"Habari za asubuhi, dada. Naitwa Lilian Apiyo. Nimetoka kwenye wakala wa kupima dawa zilizokatazwa michezoni. Wewe ndiye Rhobi Wangwe?"

Wanariadha wa kiwango cha Rhobi hutakiwa kutaja kila siku watakapopatikana, ili wapimaji wakija bila taarifa wawakute. Walikuwa wamekwishakuja Nyarero mara kadhaa, lakini alikuwa akija mzee mmoja na muuguzi wake, ambao walimfahamu Rhobi. Huyu Lilian alikuwa mgeni.

Nyuma ya mgeni, mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu. Rhobi alikuwa amesimama mle ndani, kanga kifuani, akitikisa kichwa. Kisha akaunganisha viganja vyake mbele ya uso kama mtu anayesali.

Agustina alijua sababu. Jioni iliyopita kocha Athanas alikuja na chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake mlikuwa na barafu na kichupa kidogo, ambacho watu wake walikinunua ng'ambo ya mpaka. Rhobi alijichoma sindano tumboni, akiwa amekaa kitandani, huku Agustina akimpa mtoto titi kwenye kiti. Waliiita dawa ya damu. Inaongeza damu, Rhobi alimweleza, na damu ikiwa nyingi pumzi haikatiki. Agustina hakuuliza zaidi. Alijua imekatazwa kwa jinsi Athanas alivyokuwa akichungulia dirishani kabla ya kufungua chupa.

"Ndiyo," Agustina alisema. "Ni mimi."

Baadaye watu wengi walimuuliza kwa nini alisema vile, naye hakuwahi kupata jibu la kuwatosheleza. Hapakuwa na mpango. Hakuna aliyemwahidi kitu. Neno lilimtoka jinsi mkono unavyomtoka mtu kumdaka mtoto anayeteleza.

"Basi naomba kitambulisho," alisema Lilian. "Lakini kuanzia sasa hutatoka machoni pangu mpaka tumalize. Ndiyo sheria yetu. Mtu mwingine akuletee."

Mama yao, Mogesi, alikuwa ametoka nje na mtoto mgongoni. Agustina akamgeukia. "Mama, naomba uniletee kitambulisho changu. Kiko chumbani kwangu."

Mogesi alimtazama binti yake, akautazama mlango wa jiko, akamtazama mgeni. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Aliingia ndani, akarudi na kitambulisho cha Rhobi, akakikabidhi kwa mikono miwili. Picha ilipigwa zamani, Rhobi akiwa msichana mwembamba mwenye macho ya mshangao. Ingeweza kuwa ya yeyote kati yao. Lilian aliitazama, akamtazama Agustina, akaandika.

Choo kilikuwa cha mabati, nyuma ya migomba. Lilian aliomba radhi kabla ya kuingia. "Samahani sana, dada. Suruali ishuke hadi magotini, blauzi ipande hadi kifuani, mikono ya nguo ikunjwe hadi kwenye viwiko. Ni lazima nione mkojo unatoka mwilini mwako. Wengine wamewahi kutuchezea."

Agustina alikuwa amezaa mara mbili mbele ya wakunga, lakini hakuwa amewahi kusimamiwa na mtu ambaye kazi yake ni kutazama haja ndogo ikitoka. Mkojo ulikataa. Lilian alisubiri, uso wake hauna haraka wala dharau. Hatimaye ukatoka.

Kazi iliyobaki ilifanyikia uani, kwenye meza ya kulia chakula. Agustina alichagua boksi, akagawa mkojo mwenyewe kwenye chupa mbili, akakaza vifuniko mpaka vikalia na kugoma kurudi nyuma. Lilian hakugusa chochote. Alisoma namba kwa sauti, Agustina akaitikia.

"Swali la mwisho. Kwa wiki hii nzima umetumia dawa yoyote? Ya hospitali, ya kienyeji, ya kuongeza vitamini?"

Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye kopo, dirishani, nyuma ya mgongo wa Lilian. Asubuhi ile alikuwa amekwishameza. Lakini aliyekuwa akiulizwa ni Rhobi, na Rhobi hakuwa na presha. Mkimbiaji gani ana presha?

"Hakuna."

"Hata ya kichwa?"

"Hata ya kichwa."

Akaweka sahihi ya jina la mdogo wake. Lilian alikataa chai kwa heshima, akamuaga Mogesi kwa shikamoo ya pili, na gari likaondoka na zile chupa.

Rhobi alitoka jikoni akicheka na kulia. Alimkumbatia dada yake hadi ufagio ukaanguka. "Umeniokoa, dada! Dada, umeniokoa!" Jogoo alichinjwa siku ile, na Rhobi akamwekea Agustina firigisi na paja kwenye sahani yake, ilhali firigisi pale nyumbani ilikuwa ya Rhobi siku zote. Usoni Mogesi alionekana mtu aliyeponea chupuchupu. Hakuna aliyezungumzia jambo lenyewe. Waliliacha lipite kama mvua ya mawe ambayo haikuangukia shamba lao.

Rhobi aliendelea na mazoezi yake, akipanda na kushuka vilima kabla jua halijakolea. Alikuwa akijiandaa kwa mbio za marathoni huko Asia, na Athanas alisema mwaka ule atashinda.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Athanas alipokuja kwa pikipiki kutoka Mugumu, alikoishi. Ujanani alikuwa mkimbiaji mzuri mwenyewe, kabla goti halijamkataa, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi anayependa kuongea. Siku hiyo alikaa, akavua kofia, akamnyoshea Rhobi simu.

"Sampuli yako imekutwa na kitu."

Rhobi alisimama. "Ile dawa ya damu?"

"Ndicho kinachonichanganya. Ile hawajaiona kabisa." Athanas alisoma jina refu la dawa kwa kulikata vipande vipande, akashindwa, akaacha. "Nimeuliza daktari mmoja. Ni dawa ya kukojosha. Wanapewa watu wa presha. Wakimbiaji wanakatazwa kwa sababu inapitisha maji mengi mwilini, inaweza kuficha dawa nyingine. Mimi sijawahi kukupa kitu hicho. Umekitoa wapi?"

Mogesi ndiye aliyegeuka kwanza kutazama dirishani. Rhobi akafuata macho ya mama yake hadi kwenye kopo.

"Dada," alisema polepole. "Vile vidonge vyako ni vya nini?"

"Vya presha. Unajua ni vya presha."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba Rhobi ana presha?"

"Ungekataa! Ungesema huna mkojo, ungesema chochote!"

"Wewe ndiye uliyeniunganishia mikono kama niko kanisani," alisema Agustina. "Hukuniuliza mkojo wangu una nini."

Athanas ndiye pekee ambaye hakujua. Walipomweleza alishika kichwa, akatoka nje, akazunguka zizi, akarudi. Alikuwa mtu wa kutafuta njia, na njia alikwishaipata.

"Sikilizeni. Hili si baya sana. Kusema ukweli, Mungu ametusaidia. Wangekuta ile ya damu, basi. Lakini hii inaelezeka. Rhobi aliumwa kichwa, akachukua kidonge dirishani akidhani ni cha maumivu, kumbe ni cha dada yake. Dada yake yupo, presha anayo kweli, cheti cha kliniki kipo. Watampa onyo, au miezi michache. Agustina atasema tu kwamba vidonge ni vyake."

"Ni vyangu kweli," alisema Agustina.

"Ndiyo maana nasema si uongo mkubwa."

Mogesi alimimina uji, akampa Athanas kwanza. "Mura, kijana wangu, fanya unavyojua," alimwambia. "Huyu ndiye mkono wa nyumba hii. Ukikatika, tutakula na nini?"

Hakuna aliyemuuliza Agustina kama anakubali. Ilichukuliwa kwamba mtu aliyekwishatoa mkojo hawezi kunyima maneno.

Kikao kilifanyika kwa njia ya video, wao wakiwa Mugumu, ambako Athanas alikuwa na chumba nyuma ya duka na mtandao usiokatika. Walipanda basi dogo kupitia upande wa mgodini. Liliposimama Nyakunguru kushusha abiria, Jackson alikuwa akimsubiri mkewe barabarani, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope. Alimpa soda ya baridi na pakiti ya biskuti kupitia dirishani.

"Athanas amenieleza kwa simu," alisema. "Mimi sikushauri kitu. Ni ndugu yako. Ila ukirudi, urudi kwangu, usirudi kwa mama. Umekaa vya kutosha."

"Nitarudi."

Jackson aliitikia kwa kichwa, akampungia Rhobi mkono, basi likaondoka.

Kwenye kioo cha kompyuta ya Athanas mlikuwa na nyuso nyingi, kila moja ndani ya kisanduku chake. Mwenyekiti alikuwa mzee mweupe wa nywele. Kushoto kwake mwanamke daktari, kulia mwanamume aliyesemekana alikuwa mwogeleaji zamani. Walizungumza Kiingereza. Mkalimani alikuwa msichana wa Dar es Salaam, mwenye Kiswahili cha kuteleza. Lilian Apiyo alikuwepo pia, kwenye kisanduku cha chini, akasimulia asubuhi ya Nyarero bila kuongeza wala kupunguza. Agustina wakati huo alikaa pembeni, nje ya kamera.

Rhobi alihojiwa kwanza. Alisema alivyofundishwa: kichwa kilimuuma, kulikuwa na giza, alichukua kidonge, aliogopa kusema. Alisema vizuri. Alikuwa amezoea waandishi wa habari.

Kisha akaitwa Agustina. Athanas alimsogezea kiti. Aliapa, akataja jina lake, akaeleza kwamba vidonge ni vyake, hukaa dirishani, na nyumbani kila mtu anaingia na kutoka. Katika kisanduku cha chini Lilian aliinua kichwa, akavua miwani, akaivaa tena. Akaendelea kumtazama.

Yule daktari akaomba kuuliza. Mkalimani alitafsiri.

"Presha hii imekupata lini?"

"Nilipokuwa na mimba ya Winfrida. Mtoto wangu wa pili."

"Pole. Na sasa hali yako ikoje? Unapimwa? Kichwa, macho, miguu kuvimba?"

Agustina alijiandaa kwa maswali ya kopo, ya dirisha, ya nani alilala wapi. Kwa hili hakujiandaa. Tangu sampuli ile ilete maneno, vidonge vyake vilikuwa vimezungumzwa asubuhi na jioni, vilichukuliwa picha, vilihesabiwa kuwa ushahidi, na hakuna mtu hata mmoja, si mama yake wala Rhobi, aliyemuuliza kama vinamsaidia.

"Macho wakati mwingine yanafanya ukungu," alisema. "Sijapimwa muda. Nilikuwa naogopa kwenda, na haya mambo."

"Nenda ukapimwe," alisema daktari. "Hilo usilisubirishe kwa ajili yetu."

Mwenyekiti alishukuru, kisha akampa nafasi wakili wa upande wa wapimaji. Huyu alisema kitu kirefu. Msichana wa Dar es Salaam alisikiliza, akaguna kidogo, akatafsiri.

"Anasema hivi. Mkojo wa mtu una alama zake, za homoni zake, na alama hizo hazibadilikibadiliki ovyo. Wanazo sampuli nyingi za Rhobi za miaka iliyopita, na zote zinafanana. Hii moja haifanani nazo. Kwa hiyo wanaomba Rhobi akubali kutoa mate yake yapimwe vinasaba, yalinganishwe na chupa ya pili, ambayo haijafunguliwa. Anauliza, je, Rhobi anakubali?"

Athanas alinyosha mkono, akazima kipaza sauti. Uso wake ulibaki ukitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Tunakata," alisema kupitia meno. "Tutasema mtandao umeanguka. Tupate muda wa kufikiri."

"Wa kufikiri nini?" aliuliza Rhobi.

"Nimesema muda!"

Rhobi alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe mezani. Kwenye kioo wale watu walisubiri. Mwogeleaji alikunywa maji. Agustina aliona kwamba kidole cha Athanas kimeshaanza kutafuta kitufe cha kufunga. Aliona pia kwamba akikifunga watarudi Nyarero, mama yake atamimina uji, na njia nyingine itapatikana, ambayo nayo itahitaji kitu kutoka kwake. Akausogeza mkono wa Athanas, akawasha kipaza sauti.

"Ule mkojo ni wangu," alisema.

Msichana wa Dar es Salaam alisita. "Samahani, dada. Naomba urudie, nitafsiri sawasawa."

Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema mara ya kwanza. "Ule mkojo ni wangu. Mimi ndiye niliyetoa. Rhobi alikuwa jikoni. Huyo dada Lilian hakukosea kitu, alinikuta mimi, na mimi nikamwambia ndiyo."

Athanas alitoka chumbani na kuuacha mlango wazi. Rhobi hakuinuka wala hakumtazama dada yake. Mwenyekiti alipomuuliza kama yaliyosemwa ni kweli, alijibu kweli. Alipoulizwa kwa nini alijificha, alisogea karibu na kipaza sauti. Kisha Rhobi akataja dawa ya damu, kwa jina lake kamili la kitaalamu, ambalo Agustina hakuwahi kulisikia.

Adhabu ilipotoka ilikuwa ya miaka mingi kuliko miguu ya mkimbiaji wa umri ule inavyoweza kusubiri. Matokeo yake ya mbio zote tangu asubuhi ile ya Nyarero yalifutwa. Athanas alifungiwa kabisa, naye akasema mbele za watu kwamba hakuijua ile dawa, akahamia kwenye biashara ya mahindi. Kuhusu Agustina, ambaye hakuwa mwanariadha wala kocha, sheria yao haikuwa na mahali pa kumweka. Alitajwa kama "shahidi" hadi mwisho.

Nyarero walikuwa na maneno yao. Wapo waliosema Rhobi kaponzwa na mkojo wa dada yake, na sokoni msemo huo ukadumu msimu mzima. Wapo waliosema Agustina alikuwa na wivu tangu zamani. Mogesi alianza kumwita binti yake mama Winfrida, kama mtu anavyomwita jirani.

Agustina alirudi Nyakunguru kwa Jackson. Alipimwa, akabadilishiwa dawa. Rhobi alikwenda Sirari, mpakani, kwa binamu yao Sharon, aliyekuwa na kibanda cha viatu vya mitumba, na huko akajifunza kuuza kwa Kiswahili cha Kenya, cha "sasa" na "poa", na kumwita kila mteja "customer". Aliacha kukimbia. Baadaye alianza tena, peke yake, bila saa mkononi.

Dada hao hawakuzungumza mpaka alipokufa mdogo wa baba yao, wakakutana msibani, wakapewa kazi moja ya kumenya ndizi za kupika. Beseni la maji lilikuwa katikati. Walimenya muda mrefu, utomvu ukiwaganda vidoleni.

"Sikukasirikia wewe kusema," Rhobi alisema mwishowe. "Watu wanadhani nilikasirikia kusema."

"Ulikasirikia nini?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Siku ile, Mugumu. Ulipowasha kile kipaza sauti nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Sikukuona. Nilikuwa natazama kidole cha Athanas."

"Najua."

"Ulitaka kusema nini?"

Rhobi alifikiri. Kisu chake kilisimama kwenye ganda.

"Sijui," alisema. "Nimejiuliza kila siku na sijui. Pengine ningesema kama wewe. Pengine ningesema nakubali wanipime, nikawa natafuta njia nyingine. Sasa sitajua kamwe mimi ni mtu wa namna gani."

Agustina angeweza kusema samahani, lakini hakuona kosa lake liko wapi katika hilo, na Rhobi angejua kwamba anasema tu. Wanawake wa upande wa jiko waliita ndizi zipelekwe, maji yamechemka. Wakalishika beseni huku na huku, lilikuwa zito, wakalibeba kwa mwendo wa kulingana ili maji yasimwagike.